Chuo Kinapojipima: Namna ya Kuuliza "Tumejuaje?"

Simu iliingia saa nne usiku. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, mkunga mwenye miezi saba tu kazini katika zahanati ya kijijini. "Shikamoo, Madam." Nikaitikia, nikamwuliza kuna nini. Alinyamaza, kisha akasema, "Madam, hatua zote nilizijua. Nilimkausha, nikamsugua mgongo, nikaweka ambu, ule mfuko wa kumsukumia hewa. Kifua hakikuinuka."

Mtoto hakuishi.

Somo hilo nililifundisha mimi mwenyewe. Na mwaka ule ule, wiki chache kabla binti yule hajahitimu, chuo chetu kilikuwa kimejaza fomu ya kujitathmini. Kipengele kimojawapo kilisema: "Wanafunzi wana umahiri wa kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua." Tulijipa nne kati ya tano. Tulikuwa wakufunzi sita mezani, chai ipo, na hakuna aliyeuliza tumejuaje.

Mwongozo huu nimewaandikia wakufunzi wenzangu wa ukunga, uuguzi na utabibu ambao kila mwaka wanajaza fomu kama ile. Tangu usiku huo tumeifanya kazi ya kujipima kwa namna nyingine, mara nne sasa, na laiti tungeianza mapema, yule binti angeingia kazini akiwa na mikono iliyozoea.

Kujipima kwa kuongozwa

Maana yake ni kwamba wanaofundisha na wanaofundishwa wanaupima mpango wao wenyewe wa mafunzo, kwa maswali yaliyoandaliwa mapema, wakiongozwa na mtu ambaye hana cha kupata wala kupoteza katika majibu. Mkaguzi huja na orodha yake, hukaa siku mbili tatu, akaondoka na hukumu. Mwongozaji hukaa nanyi, na hukumu mnaitoa wenyewe.

Ukaguzi wa nje una heshima yake. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alitoa ripoti baada ya kuzitembelea shule 155 za udaktari za Marekani na Kanada, na nyingi zilifungwa au kuunganishwa katika miaka iliyofuata. Lakini hata Marekani, LCME, chombo kinachoidhinisha shule za udaktari tangu 1942, hakianzi kwa kutuma wageni. Kwanza shule inatakiwa ijichunguze, na wanafunzi nao wanaandika uchambuzi wao peke yao, bila mkono wa walimu. Viwango vya WFME, Shirikisho la Dunia la Elimu ya Tiba, vilivyorekebishwa mwaka 2020, vimegawanywa katika maeneo manane, na vimeambatana na maswali ambayo chuo kinatakiwa kujiuliza. Hapa Tanzania, wasimamizi wetu wa elimu, NACTVET kwa vyuo vya kati na TCU kwa vyuo vikuu, wanataka kila chuo kiwe na utaratibu wake wa ndani wa kudhibiti ubora. Kwa hiyo kujitathmini tunatakiwa tukufanye hata hivyo. Kilichobaki ni kuamua kama tutakufanya kwa ajili ya faili au kwa ajili ya mama aliyeko wodini.

Kwa nini kuongozwa, na si kukaa wenyewe tukasema ukweli? Kwa sababu ukweli juu yetu wenyewe hatuuoni vizuri, hata tukiwa na nia njema. Mwaka 2006 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha mapitio ya tafiti zilizolinganisha jinsi madaktari walivyojipima na jinsi walivyopimwa na wengine. Kati ya milinganisho 20, katika 13 uhusiano ulikuwa mdogo, haukuwepo, au ulikwenda kinyume. Na waliokosea zaidi ni wale wenye ujuzi mdogo na wale waliojiamini kupita wote. Niliposoma hayo niliikumbuka ile nne yetu kati ya tano.

Anza na kitu kimoja, chembamba

Kosa la kwanza la vyuo vingi ni kutaka kupima kila kitu kwa mkupuo: mtaala, maktaba, mabweni, mitihani, wakufunzi, maji ya bomba. Mwisho wake ni kitabu kinene ambacho hakisomwi. Chagueni jambo moja ambalo likiharibika mgonjwa anaumia, kisha liandikeni kwa namna ambayo mtu anaweza kusimama na kuliangalia kwa macho.

Sisi tulianza na sentensi hii: "Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kuinua kifua cha mtoto asiyepumua kabla ya dakika ya kwanza kwisha." Aliyepitia mafunzo ya Kuwasaidia Watoto Kupumua, yaliyoanzishwa mwaka 2010, anaijua dakika hiyo: inaitwa dakika ya dhahabu. Linganisheni sentensi hiyo na ile ya kwenye fomu, "wana umahiri wa kumsaidia mtoto mchanga". Ya fomu haina pa kuishika. Yetu ina saa na ina kifua.

Ninyi mnaweza kuchagua kingine: mwanafunzi wa utabibu kumtambua mtoto mwenye dalili za hatari kabla hajapangwa foleni, au mwuguzi kukokotoa dozi ya mtoto kwa uzito. Ila kiwe kimoja. Kwa chuo kikuu chenye kitivo cha udaktari ushauri wangu ni ule ule: yale maeneo manane ya WFME yachukueni moja kwa muhula, na ndani ya eneo mchague jambo moja.

Kumpata mwongozaji

Mwongozaji awe mtu anayeijua kazi yenu, lakini asiwe na kauli juu ya cheo au mshahara wa yeyote kati yenu. Mkuu wa chuo hafai, hata awe mpole namna gani. Mkufunzi wa chuo jirani anafaa, nanyi mkamlipa kwa kwenda kuongoza kwake. Sisi tulimpata matroni mstaafu wa hospitali ya mkoa, mama aliyezalisha na kusimamia wodi tangu baadhi yetu hatujaanza darasa la kwanza. Tulimwita Mama, na hilo lilisaidia: mtu hamdanganyi Mama kirahisi.

Kazi yake ni kuuliza. Hatoi majibu, hasahihishi, hasemi "mimi enzi zangu". Alipotaka kutuambia la kufanya alijizuia, nilimwona kabisa akishika kalamu kwa nguvu. Muda mwingi alikuwa na maneno matatu tu: "Mmejuaje?", "Nionyesheni", na "Nani angekataa?"

Hilo la tatu ndilo lililotufaa kuliko yote. Tukisema "wanafunzi wanapata mazoezi ya kutosha", yeye anauliza: nani angekataa? Mwanafunzi aliyesimama nyuma angekataa. Sista wa zamu ya usiku angekataa. Basi hao ndio wa kuwaendea.

Kabla ya kikao cha kwanza wekeni masharti kwa maandishi, na mkuu wa chuo atie saini mbele ya wote. Ya kwetu yalikuwa mafupi: hakuna jina la mtu litakaloandikwa, hakuna kitakachoingia katika faili la mtumishi wala katika alama za mwanafunzi, na kila kitakachoonekana kitarudishwa kwa waliotoa taarifa. Sharti la pili ndilo linalofungua midomo. Bila hilo mtapata majibu matamu yasiyowasaidia.

Suala la posho litajitokeza, tulizungumze wazi. Wenzetu waliuliza kama kuna malipo ya kikao. Tulikubaliana kwamba vikao vitafanyika ndani ya saa za kazi, chai na maandazi vitakuwepo, na mtu hatapoteza kipindi chake cha kufundisha. Mama alipewa nauli. Kazi inayotegemea posho itakufa mwaka ambao posho haipo.

Kuandika maswali

Hapa msiharakishe. Swali baya linajibiwa kwa "ndiyo" na linamfurahisha aliyejibu. "Je, vifaa vya mazoezi vinatosha?" Ndiyo. "Je, wanafunzi wanasimamiwa wodini?" Ndiyo. Mnamaliza fomu nzima ndani ya nusu saa.

Chukueni kila swali la namna hiyo mligeuze mpaka lisijibike bila kuinuka kwenye kiti. "Vifaa vinatosha?" likawa: "Mara ya mwisho mwanafunzi kumgusa mwanasesere wa mazoezi nje ya kipindi ilikuwa lini, na imeandikwa wapi?" "Wanasimamiwa?" likawa: "Wiki iliyopita, mkufunzi alikuwa wodini saa ngapi mpaka saa ngapi, na alimwona mwanafunzi yupi akifanya nini?" Maswali yetu yalianza yakiwa 34. Mama alitwambia tubakize yale tu ambayo jibu lake lingeweza kutufanya tubadilishe kitu. Yalibaki tisa.

Kisha chorea karatasi ya bango mistari miwili ya wima, mpate vyumba vitatu. Chumba cha kwanza: tunasema nini. Cha pili: tumejuaje. Cha tatu: nani angekataa. Jazeni cha kwanza wote kwa pamoja, kwa dakika ishirini. Cha pili kitabaki kitupu karibu chote, na msione haya. Utupu huo ndio kazi ya wiki tatu zitakazofuata.

Na maswali hayo yaandikeni kwa Kiswahili. Nalisisitiza hili kwa sababu tulilikosea mwanzoni. Mafunzo yetu ni ya Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, basi na dodoso tukalitoa kwa Kiingereza. Wanafunzi walijibu neno moja moja, vizuri, vizuri sana, inaridhisha. Tulipolirudisha kwa Kiswahili, mmoja alijaza ukurasa wote na nyuma yake. Wodini anazungumza na mama kwa Kiswahili, anaogopa kwa Kiswahili, na anayoyaona anayaeleza kwa Kiswahili.

Kukusanya ushahidi

Tulikuwa na vyanzo vinne: karatasi, macho, midomo ya wanafunzi, na watu wa wodini pamoja na wahitimu. Visiwe pungufu ya vitatu, maana kila kimoja kina namna yake ya kudanganya.

Karatasi. Tulichukua logibuku ishirini za mwaka wa mwisho, yale madaftari ambamo mwanafunzi huandika alichofanya wodini na mkufunzi akasaini, bila kuchagua. Kwa idhini ya mganga mfawidhi wa hospitali tukazilinganisha na rejesta ya wodi ya wazazi ya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya. Tulichukua idadi tu, kwa tarehe na zamu; jina la mama hata moja halikunakiliwa, nanyi msinakili. Siku moja ya mwezi Machi, zamu ya mchana, rejesta ilionyesha akina mama wanne waliojifungua. Logibuku zetu kwa siku hiyo hiyo na zamu hiyo hiyo zilikuwa na watoto kumi na mmoja.

Kulikuwa na ukimya mezani. Nikaichukua logibuku moja, nikatazama saini iliyo mbele ya watoto wa siku hiyo. Ilikuwa yangu. Kalamu moja, siku moja, ukurasa mzima umesainiwa kutoka juu mpaka chini. Niliikumbuka hata siku yenyewe, wanafunzi wamepanga mstari nje ya ofisi kabla ya mtihani, nami nasaini ili waruhusiwe kuufanya.

Mama hakusema neno la lawama. Aliuliza, "Nini kinamfanya mwanafunzi aandike hivi?" Na jibu lilikuwa la kawaida kabisa. Idadi inayotakiwa ni kubwa, wanaojifungua kwa zamu ni wachache, na wodi ile ile inapokea wanafunzi wa vyuo viwili. Aliyekuwepo chumbani anaandika "nimezalisha", hata kama alishika tochi. Logibuku yetu ilikuwa na safu moja tu, ya idadi. Tuliigawa: nimeona, nimesaidia, nimefanya nikiwa nimesimamiwa. Mabadiliko hayo yalitugharimu karatasi za fotokopi, basi, na kwa mara ya kwanza tukaanza kujua nani hajawahi kumgusa mtoto asiyelia.

Macho. Tulipiga kura tukawapata wanafunzi kumi na wawili, tukawaita mmoja mmoja chumba cha mazoezi. Mezani alikuwepo NeoNatalie, yule mwanasesere unayemjaza maji akawa na uzito na ulegevu wa mtoto wa kweli, pamoja na ambu, kitambaa na saa ya ukutani. Tuliwaambia tu: "Amezaliwa sasa hivi. Halii." Waangalizi wawili walijaza karatasi moja moja bila kuongea, wakalinganisha baadaye. Yeyote aliyewahi kuandaa OSCE, mtihani wa vituo aliouelezea Ronald Harden wa Dundee mwaka 1975, ataona tumeazima huko. Tofauti ni kwamba hapa mwanafunzi hapewi alama.

Karibu wote walizitaja hatua, tena kwa mpangilio. Walioinua kifua kabla ya dakika kwisha walikuwa watatu. Wengine maski ilivuja pembeni ya pua. Wengine walikipindua kichwa nyuma mno, njia ya hewa ikajiziba, ilhali kwa mtoto mchanga shingo huwekwa sawa tu, kama anayenusa. Mmoja alibana ambu kwa kasi ya woga, mara mbili ya ile arobaini kwa dakika, akawa anahesabu kwa sauti huku machozi yanamtoka. Nilikuwa mmoja wa waangalizi. Nilisikia ile sauti ya simu tena: hatua zote nilizijua.

Midomo ya wanafunzi. Kikao chao wakiendeshe wenyewe, mkufunzi asiwe hata kwenye korido. Sisi tuliwapa maswali matatu, chumba, na kiongozi wa darasa kama katibu. Mama aliketi nao mwanzoni kueleza masharti, kisha akatoka. Muhtasari waliotuletea ulikuwa na mambo kumi na manne. La kwanza lilisema: "Tukiwa wengi kitandani, wafupi na wapole wanasimama nyuma mpaka fildi inakwisha." La tano lilisema mwanasesere tunamwona siku ya kipindi na siku ya mtihani.

Wodini na kwa wahitimu. Mwendeeni sista msimamizi zamu ikiwa imetulia, msimpe dodoso, kaeni mzungumze. Wa kwetu alituambia, "Mnatuletea wanafunzi Jumatatu, hamrudi mpaka siku ya kusaini." Ni kweli. Alituonyesha na jingine ambalo hatukulitafuta: wakunga wake walikuwa wameanza kutumia Mwongozo wa Huduma ya Uchungu wa WHO uliotoka mwaka 2020, ambao unahesabu uchungu uliokolea kuanzia mlango wa kizazi ukifunguka sentimita tano, nasi darasani tulikuwa bado tunachora patografu, chati ya kufuatilia uchungu, ya zamani inayoanzia nne. Wanafunzi wetu walikuwa wanasahihishwa kila siku wodini, wakirudi darasani wanasahihishwa upya. Hilo tuliliandika pembeni kwa ajili ya muhula uliofuata. Msiache kila mnachokiona kiwatoe kwenye njia.

Wahitimu niliwapigia simu mwenyewe, sita, wenye mwaka mmoja kazini. Swali lilikuwa moja: "Ni kitu gani ulikutana nacho mwezi wa kwanza ukatamani tungekufundisha vizuri zaidi?" Yule binti alikuwa mmoja wao. Nilimwomba ruhusa ya kulisimulia tukio lake kwa wenzangu bila kumtaja, akakubali.

Kikao cha kusoma tulichokiona

Tengeni asubuhi nzima. Ushahidi ubandikwe ukutani kwenye kile chumba cha "tumejuaje", watu wauzungukie wakiwa wamesimama na kusoma kimya kabla ya yeyote kusema. Ukianza na maongezi, mwenye cheo atasema kwanza na wengine watamfuata.

Kisha ulizeni kwa nini, na jibu likitoka ulizeni tena kwa nini. Mfano wetu ulikwenda hivi. Vifua haviinuki. Kwa nini? Mikono haijazoea maski. Kwa nini? Wanamshika mwanasesere mara mbili kwa muhula. Kwa nini? Anakaa stoo. Kwa nini stoo? Ni mali iliyotolewa na mradi, tuliogopa isipotee. Ufunguo uko kwa nani? Kwa mtunza stoo. Anaondoka saa ngapi? Saa tisa na nusu alasiri, kama watumishi wote. Na wanafunzi wanatoka wodini saa ngapi?

Saa tisa na nusu.

Miaka mitatu mwanasesere alikuwa mzima, msafi, ndani ya boksi lake. Katika ile fomu ya zamani, kwenye "vifaa vya kujifunzia vipo", tulijipa tano.

Sababu nyingine zilikuwa nje ya uwezo wetu: idadi ya wanafunzi wanaopangwa kwetu, wingi wa vyuo wodini, upungufu wa wakunga. Ziandikeni, zipelekeni kwa wanaohusika, lakini msizikalie. Tulichukua mambo matatu tu yaliyokuwa mikononi mwetu. Ufunguo wa pili ulichongwa, akapewa kiongozi wa darasa pamoja na daftari la kutia saini. Mkufunzi mmoja alipangiwa kuwa wodini Jumanne na Alhamisi, asubuhi yote, si kwa kusaini bali kwa kusimama kitandani. Na kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akawa na mazoezi ya dakika tano kila wiki, wawili wawili, mmoja anafanya, mwenzake anatazama kifua.

Hilo la dakika tano hatukulitunga. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walionyesha kwamba kozi ya siku moja ya kuwasaidia watoto kupumua iliwafanya wahudumu wafanye vizuri mbele ya mwanasesere, lakini kwa watoto halisi wodini haikubadilisha kitu. Walipoanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale kazini, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua. Mambo haya yamefanyika nchini kwetu, katika hospitali ya vijijini. Sioni sababu ya mwanafunzi wetu kusubiri mpaka aajiriwe ndipo ayapate.

Karatasi mbili, na kurudi

Ripoti isizidi kurasa mbili. Tulichokiona, tunachodhani ndicho kisababishi, tutafanya nini, nani, kufikia lini, na tutajuaje kama kimebadilika. Bandikeni nakala ubao wa matangazo wa wanafunzi, pelekeni nyingine kwa sista wa wodi kwa mkono, tena na asante. Nakala ya tatu wekeni kwenye faili la ubora. Wakaguzi wakija mtakuwa na kitu cha kuwaonyesha kilichoandikwa na watu waliokuwa wanatafuta jambo.

Kwa muda, hesabuni wiki nane: wiki ya kwanza na ya pili kuchagua jambo, mwongozaji na masharti, ya tatu maswali, ya nne mpaka ya sita ushahidi, ya saba kikao, ya nane ripoti na kuirudisha kwa watu. Msiweke karibu na mitihani. Mwanafunzi anayesubiri matokeo hawezi kuwa huru kuwaambia lolote, hata mkiapa.

Baada ya miezi mitatu rudini mpime kwa kipimo kile kile, karatasi ile ile, kwa waangalizi wengine. Tulipiga kura tena, wanafunzi kumi na wawili. Safari hii tisa waliinua kifua ndani ya dakika. Watatu hawakuweza, na daftari la ufunguo lilituonyesha sababu: majina yao hayakuwemo. Walikuwa wanaishi nje ya chuo, wanawahi daladala. Tukawahamishia mazoezi saa ya chai ya asubuhi.

Katika zile mara nne, moja ilitushinda. Tulijaribu kupima jinsi wakufunzi wanavyotoa mrejesho kwa wanafunzi, na mkuu wa chuo, kwa nia njema, akaingia kikaoni "kusikiliza tu". Vyumba vya karatasi ya bango vilijaa maneno mazuri, na Mama akafunga kikao mapema. Tulirudia muhula uliofuata, mkuu akiwa ameahidi kusoma ripoti tu, na alitimiza.

Yule binti sasa yuko kituo cha afya. Mwaka jana tulimwomba aje awe mwangalizi katika chumba cha mazoezi. Alikaa pembeni ya meza na karatasi yake, na kila mwanafunzi alipoweka maski alikuwa anainama kidogo, macho yake yapo kifuani kwa mwanasesere. Mmoja alipokosea hakumkemea. Alimwekea kidole gumba na cha shahada mahali pake, akamwinulia kidogo taya ya mwanasesere, akamwambia, "Bana tena." Kifua kikainuka.

Muhula huu karatasi mpya ya bango iko ukutani ofisini. Chumba cha kwanza kimejazwa: "Wanafunzi wetu wanamweleza mama kinachoendelea kabla ya kumgusa." Cha pili bado kitupu. Katika cha tatu Mama ameandika neno moja kwa kalamu yake nyekundu: mama.